FreeBSD dukani: SQLite iliyokuja na programu au PostgreSQL ya pembeni?

Wakuu, sisi tunaofunga seva ndogo za FreeBSD (mfumo endeshi wa kompyuta) huku Dodoma hili swali la database haliishi: SQLite, ambayo ni faili tu ndani ya programu, au PostgreSQL, ambayo ni seva inayojitegemea? Bei siyo ishu, zote bure, ila PostgreSQL inakula RAM zaidi na inataka mtu wa kuiangalia.

Umeme ukikatika zote zinajirudisha zenyewe, sharti diski isiseme imeandika kumbe bado, kwa hiyo UPS (betri ya akiba) nunua tu. SQLite ukiiwashia WAL (mabadiliko yanaandikwa kwanza kwenye faili la pembeni linaloishia -wal) wasomaji hawamzuii mwandishi, lakini mwandishi ni mmoja tu kwa wakati, so duka la dawa pale Majengo lenye kaunta moja halitasikia tofauti, ila saccos ambayo makarani wote wanapiga miamala kwa pamoja itaanza kuletewa "database is locked", na hapo PostgreSQL inashinda wazi.

Kwenye matunzo ndo watu wanaumia. Wanakopi faili la .db peke yake programu ikiwa inatembea, wanaacha la -wal, siku ya kurudisha bakapu miamala ya mwisho haipo, jamani tumieni amri ya .backup ya sqlite3! PostgreSQL nayo ukitoka toleo la 15 kwenda la 16 data haifunguki hivihivi, lazima uihamishe kwa zana kama pg_upgrade au pg_dump, na ndani ya jail (chumba kilichotengwa ndani ya FreeBSD) usiporuhusu shared memory, mfano kwa kuseti sysvshm=new, basi initdb (amri ya kuanzisha database) inagoma.

Uko Kongwa, kaunta moja, fundi yuko mbali? Baki na SQLite. Watumiaji wengi na fundi anapokea simu, weka PostgreSQL.