Nakala ya hukumu: siku 97 za kufuatilia karatasi

Kesi nilishindwa, nianze na hilo. Niliuza machungwa ya Muheza kwa mali kauli, mnunuzi akadai alishalipa, na mahakama moja ya wilaya huku mkoani Tanga ikamwamini yeye. Nikaamua kukata rufaa Mahakama Kuu. Kumbe kule huendi na maneno matupu: sababu zako za rufaa zinaambatana na nakala ya hukumu na ya tuzo (wengine huita dikrii, karatasi inayoandika mahakama imeamuru nini), zenye mhuri wa kuthibitisha kuwa ndizo zilizomo kwenye faili. Hukumu nyingi za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani utazisoma bure TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, lakini ukurasa uliojichapia mwenyewe hauna mhuri wa mtu.

Kwa shauri kama langu muda wa rufaa ni siku 90. Siku ya tatu baada ya hukumu nikapeleka barua masijala kuomba nakala. Nilikuwa na barua mbili zinazofanana. Moja nikaacha, ya pili nikamwomba karani aigonge mhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Aliniangalia kama namsumbua. Akagonga.

Basi ikaanza safari ya daladala kwenda dirisha la masijala. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, faili liko kwa mheshimiwa." Wiki ya pili, liko kuchapwa. Wiki ya tano mchapaji ana msiba. Mama wa watu hakuwahi kunijibu vibaya, nasema kweli, ila majibu yake hayakuwa na karatasi ndani.

Siku ya 84 nikapewa. Nikaketi kwenye benchi la nje, nikasoma ukurasa kwa ukurasa kabla ya kuondoka, na hapo nikaona: hukumu imesomwa tarehe 14, tuzo imeandikwa tarehe 17. Sheria inataka tuzo ibebe tarehe ileile ya kusomwa hukumu, na rufaa za watu zimewahi kutupwa kwa kosa hilo hilo. Nikarudi dirishani. "Lo, hii si ya leo tena," akasema mama, akaichukua. Iliporudi imesahihishwa, ilikuwa siku ya 97.

Siku 90 zimeshapita! Usiku ule sikulala. Asubuhi wakili akauliza swali moja tu: barua yako yenye mhuri iko wapi? Sheria ya Ukomo, ile inayoweka muda wa mwisho wa kufungua kesi na rufaa, inaondoa kwenye hesabu muda uliohitajika kupata nakala, mradi kumbukumbu zionyeshe uliomba lini na ulipewa lini. Kwa hesabu yake nilikuwa nimetumia siku tatu tu. Upande wa pili waliweka pingamizi kwamba nimechelewa. Barua ikaonyeshwa, pingamizi likatupwa. Rufaa yenyewe bado inasikilizwa.

Ukienda Mahakama ya Rufani hesabu ni nyingine: nakala ya mwenendo (kumbukumbu ya yaliyosemwa kwenye kesi) unaiomba kwa maandishi ndani ya siku 30 tangu uamuzi, mpinzani wako anapelekewa nakala ya barua hiyo, kisha Msajili anakupa hati ya kuthibitisha siku zilizotumika kuandaa.

Kasi ya huduma naipa nyota mbili kati ya tano. Mama wa dirishani nampa nne, angepata tano kama si ile tarehe 17. Barua yenye mhuri nimeivalisha plastiki ngumu; mke wangu analalamika cheti chetu cha ndoa hakijawahi kupata heshima hiyo.