Karakana ya boti za faiba, Sahare: walianzia ndani kabla ya kugusa ufa

Boti yangu imerudi majini Jumamosi iliyopita baada ya kukaa wiki saba juu ya magogo pale Sahare. Naandika nikiwa bado nakumbuka kila kitu, maana hapa Tanga wenye boti za faiba za zamani ni wengi, na mafundi wanaozielewa ni wa kutafuta.

Ni boti ya futi 23, ya mwaka 1988, aliyoniachia marehemu mume wangu. Mashine yake ni farasi 60. Nahodha ni shemeji yangu. Hubeba samaki kutoka Kigombe hadi soko la Deep Sea, na siku za sikukuu hupeleka watu visiwa vya Toten na Ulenge. Mwaka jana ikaanza kuwa nzito. Petroli ya kwenda Kigombe na kurudi ilipanda kutoka lita 29 hadi 38, na shemeji akawa ananiambia kwamba wakati wa kusi sakafu inacheza chini ya miguu yake. Kisha tukaona nyufa tatu chini ya ubavu wa kulia, kila moja urefu wa mkono, zote zimelala sambamba na mkuku, uti wa chini wa boti.

Fundi wa kwanza, ambaye simtaji, alizikwangua juujuu, akajaza puti, akapaka rangi, akachukua laki tatu na nusu. Kazi yake ilikaa siku 19. Nyufa zilifunguka nje ya Kisiwa cha Yambe, ndani wamo watu tisa na watoto wawili. Walifua maji kwa ndoo mpaka Raskazone. Usiku ule sikupata usingizi.

Nikaelekezwa Sahare. Ukifika usitarajie jengo: ni paa la mabati, mti mkubwa wa mkungu, na mzee mmoja na vijana wanne. Nilimwamkia, akaitika, "Marahaba mwanangu," halafu hakwenda kwenye nyufa. Alitoa sarafu ya shilingi mia mbili mfukoni akaanza kugonga boti kuanzia omo, yaani mbele, polepole, sikio karibu. Palipo pazima palilia ko, ko. Palipoachana matabaka palitoa sauti nzito, iliyokufa. Kila alipoisikia alipiga chaki, na baada ya nusu saa chini ya boti pote palikuwa na alama. Akamwambia shemeji ashike mguu wa mashine ainue na kushusha. Ubao wa tezi, ule wa nyuma unaofungwa mashine, ukapinda machoni petu, na kwenye matundu ya bolti yakatoka maji ya kahawia yenye harufu ya mti uliooza.

"Hizi nyufa si za mwamba," alisema. "Mwamba ungeacha alama ya nyota, mahali pamoja. Hizi zimefuata taruma, mbao za ndani zinazoshikilia boti. Lete boti nifungue sakafu, kisha ndiyo tuzungumze bei."

Sijawahi kukutana na fundi anayekataa kutaja bei kabla ya kuona ndani. Kwangu hilo pekee lilitosha.

Sakafu ilipofunguliwa nilikuwepo. Mataruma marefu, yanayokwenda omo hadi tezi, kwa nje yalikuwa na ngozi nzima ya faiba, lakini mti wa ndani ulichoteka kwa kijiko. Lile povu la njano lililojazwa chini ya sakafu ili boti isizame lilikuwa limelewa maji. Yalitoka magunia sita, na kila gunia lilinyanyuliwa na vijana wawili. Petroli yangu ilikuwa inakwenda huko. Maji yalipita kwenye skrubu za viti vya abiria tulivyofunga wenyewe mwaka 2016 bila kuziba matundu, na hili nalisema ili wengine wakaangalie viti vyao leo.

Niliwaambia kaka yangu wa Muheza angeweza kunipatia mtiki wa msitu wa Longuza. Mzee alikataa. Mtiki una mafuta, rezini, ile gundi ya faiba, haiushiki vizuri. Tukanunua plaiwudi ya majini ya milimita 18. Kwenye tezi waligundisha mbili pamoja. Mataruma hawakuyang'oa yote kwa mkupuo, walibadilisha moja moja huku chini wameegemeza mifuko ya mchanga, ili boti isipoteze umbo.

Kabla ya kuweka meti hata moja, yaani mkeka wa nyuzi za faiba zisizofumwa, walisuuza chumvi kwa maji yasiyo ya bahari wakaiacha boti ikauke. Kila jioni kijana mmoja alibandika kipande cha nailoni mahali palipokwanguliwa, na asubuhi tuliangalia kama kuna matone chini yake. Siku ya 16 ndipo nailoni ilipoamka kavu. Nilikuwa nimechoka kusubiri, lakini sasa namshukuru.

Nyufa zenyewe zilikuja mwisho. Faiba pale ina unene wa milimita 8, na kwa kila milimita moja ya unene walikwangua milimita 12 kwenda pembeni, kwa hiyo ufa mwembamba kama uzi uliacha kidimbwi cha karibu sentimita 20 kwa upana. Nilishtuka kuona boti yangu imeliwa hivyo. Mzee akanieleza kwamba rezini mpya haiyeyukiani na ya zamani iliyokwisha kukauka, hushika kwa mikwaruzo tu, kwa hiyo ikikosa eneo pana itabanduka kama ganda. Tabaka la kwanza ni meti ya gramu 450, siyo ile ya kufumwa, kwa sababu meti hunywa rezini nyingi na kushika vizuri. Walifanya kazi hiyo baada ya alfajiri, gramu 10 za hadena, dawa ya kuigandisha, kwa kilo ya rezini, kwani jua likipanda inaganda ndooni.

Yasiyoniridhisha yapo. Waliniambia wiki tatu, zikawa saba. Jelikoti ya buluu, lile tabaka la rangi la juu, haikulingana, viraka vinaonekana kutoka mbali. Kubwa zaidi, vijana wanapiga grenda bila barakoa, na hadena wanaipima bila miwani, kimiminika ambacho kikiingia jichoni kinaweza kupofusha. Nilinunua barakoa tano na miwani miwili nikawaachia. Siku mbili walivaa, ya tatu vilikuwa vimetundikwa kwenye mkungu. Mzee anajua kazi yake kuliko mtu yeyote niliyemwona, na hao ni watoto wa watu. Hapa namlaumu waziwazi.

Gharama: vifaa 1,640,000, ufundi 950,000, nililipa kwa awamu tatu na risiti za vifaa nilipewa zote. Safari ya kwanza ya Kigombe tumetumia lita 28. Shemeji amesimama sakafuni kwenye mawimbi, haichezi.

Anayetaka kupeleka boti aende kwanza na sarafu yake, agonge mwenyewe, ajue anapeleka nini. Na apange siku za bamvu, maji yakijaa sana, kwa sababu maji mafu hayafiki kwenye magogo yao na utaishia kuisukuma juu ya mchanga, na mkuku wa boti ya zamani hautaki hivyo.