Taima ya kumwagilia bustani: kama unatumia simtank, uliza presha kwanza

Mwezi wa nane nilinunua taima ya kumwagilia, elfu tisini na tano, muuzaji kaniambia dada we funga kwenye koki usahau, itafungua na kufunga yenyewe. Nikaifunga jioni, nikaiseti dakika kumi, nikalala zangu. Alfajiri mama mkwe ananigongea dirisha, "mwanangu, njoo uone huku." Natoka na tochi, tuta la mchicha limekuwa kidimbwi, mpira bado unatiririka, na simtank la lita 1,000 ukiligonga linalia kama ngoma. Hapa Mtwara mwezi wa nane mvua ni hadithi, mpaka kwenye Novemba au Desemba huko, kwa hiyo tenki zima la maji kupotelea mchangani usiku mmoja liliniuma sana.

Taima yenyewe haikuwa mbovu, na hapo ndipo wengi tunapoumia. Taima nyingi za kwenye koki ndani zina kiwambo cha mpira, na kiwambo hicho kinafungwa kwa kusukumwa na presha ya maji hayohayo, nyingi zinataka kuanzia bar 0.5 (bar ni kipimo cha presha). Sasa piga hesabu: maji yakiwa juu kwa mita 10 ndiyo unapata bar 1, kwa hiyo tenki la kwenye mnara wa mita 3 linakupa bar 0.3 na ushee basi, na kadiri maji yanavyopungua presha nayo inashuka. Kiwambo kinalegea, hakikazi, maji yanapita tu. Watu wataangalia rangi, wataangalia kama inaunga na simu, hili hakuna anayeuliza! Dada mmoja wa Lindi kaniandikia yamemkuta hayohayo, yeye yake hata kufungua ilikataa.

Kwa hiyo kwangu mimi namba moja, kwa mbali sana, ni taima yenye valvu ya gololi, inayozungushwa na mota ndogo na haitegemei presha, kwenye boksi wanaandika bar 0. Kuijua ni rahisi, weka betri palepale dukani ubonyeze kufungua kwa mkono: ikilia "tak" mara moja iache, ikinguruma nguuu sekunde kadhaa hiyo ndiyo. Ila funga filta kabla yake maana mchanga unaikwamisha, na badilisha betri mapema kwa sababu zikiisha valvu ikiwa wazi inabaki wazi.

Mipira ya matone, ile inayodondosha maji kidogokidogo kwenye mizizi, nasimama na kampuni ya Netafim na sifichi, hawa wako kwenye kazi hii tangu 1965 na wana seti ya Family Drip iliyotengenezwa kwa ajili ya tenki la kuinuliwa bila pampu. Matone kwa huku kwetu ndiyo penyewe, udongo wetu wa kichanga ukiumwagia mengi kwa pamoja yanazama chini mizizi haijanywa, bora kidogokidogo asubuhi na jioni. Usichukue tu ile mipira inayojirekebisha presha, nayo inataka nguvu.

Namba mbili kwa taima ni kontrola za waifai, vile visanduku vinavyoamrisha valvu, kama za kampuni ya Rain Bird, zinaweza kuangalia hali ya hewa na kuahirisha kumwagilia mvua ikinyesha, nzuri kweli, lakini valvu zake nyingi za majumbani zinaanzia bar 1. Kama una pampu chukua. Kama huna, hata usiulize bei.

Sensa za bei rahisi za unyevu, zile za vyuma viwili vilivyo wazi, zinapata kutu haraka. Chupa iliyotobolewa inafaa mche mmoja mmoja.

Sasa nyie wauzaji. Nimerudi dukani na taima yangu naambiwa mzigo ukishafunguliwa haurudi, nikauliza presha ya chini ni ngapi, kijana ananiangalia tu, na boksi lilikuwa limebandikwa stika ya bei juu ya maandishi ya bar. Nimeibandua kwa kucha mwenyewe nyumbani, chini yake imeandikwa 0.5. Msimu wa korosho ukianza bei inapanda tena, kitu kilekile, stika mpya juu ya stika ya zamani. Nawe mnunuzi, ukienda dukani ibandue kwanza, mbele ya muuzaji, usome.