Bologna na Rimini kwa treni na watoto wadogo: uzoefu wangu

Familia nyingi zikipanga likizo ya Italia huanza na Roma, zikaongeza Firenze na Venezia, kisha zikaipa kila mji siku mbili tatu. Kwa watu wazima watupu, sawa. Ukiwa na wa miaka miwili mgongoni na wa mitano mkononi, utakuwa unafunga na kufungua mabegi likizo nzima. Mpango ninaoupendekeza ni mwingine: panga nyumba Bologna, nenda miji mingine asubuhi na kurudi jioni, kisha siku za mwisho hamia Rimini, baharini. Naupa alama nne kati ya tano. Iliyokatwa ni kwa sababu ya joto la Julai na Agosti, na kwa sababu ya nyama ya nguruwe, ambayo huko huingia hata mahali usipoitarajia.

Bologna inafaa kwa sababu ya reli. Njia kuu za kaskazini mwa Italia zinakutana pale. Firenze ni chini ya dakika 40 kwa treni ya mwendokasi, Rimini ni kama saa moja, Venezia kama saa moja na nusu. Hali ya mtoto ikichafuka saa tano asubuhi, mnarudi nyumbani na siku haijaharibika.

Stesheni yenyewe, Bologna Centrale, inahitaji maelezo maana inapoteza watu. Majukwaa ya kawaida yako usawa wa barabara. Majukwaa 16 hadi 19 yako chini sana ya ardhi, na huko ndiko zinakosimama treni nyingi za mwendokasi. Halafu kuna majukwaa ya pembeni yanayoandikwa Est na Ovest, yenye namba zake yenyewe: 3 Ovest si 3 ya kawaida, na kutoka moja hadi nyingine ni mwendo. Soma ubao mpaka mwisho wa mstari. Kushuka chini na kigari cha mtoto hutumia lifti zaidi ya moja, na zinakuwa na foleni. Fika dakika 25 kabla ya treni, si kumi. Kikunje kigari kabla treni haijaingia, kwa sababu inasimama dakika chache tu na nafasi ya mizigo karibu na mlango hujazwa na waliopanda mwanzo.

Tiketi ni za aina mbili, na mantiki yake haifanani. Treni za mkoa, zinazoitwa Regionale, zina bei moja tu: ukinunua mwezi mmoja kabla au dakika tano kabla, unalipa sawasawa, na kiti hakina namba. Treni za mwendokasi, yaani Frecciarossa za kampuni ya Trenitalia na zile za kampuni ya Italo, bei hupanda kadiri siku inavyokaribia na kila tiketi ina kiti chake. Kwa hiyo nunua mapema za mwendokasi, za mkoa usihangaike. Mtoto ambaye hajafikisha miaka 4 hasafiri kwa nauli, ila pia hana kiti, anakaa mapajani. Kwa Bologna hadi Firenze hilo halina shida. Kwa safari ya saa mbili na zaidi, mimi ningelipia kiti cha mtoto. Kwenye treni za mkoa, wa miaka 4 hadi kabla ya kutimiza 12 analipa nusu. Kwenye Frecciarossa tafuta ofa inayoitwa Bimbi Gratis: watoto chini ya miaka 15 hawalipi wakisafiri na mtu mzima aliyelipa bei kamili. Nafasi zake zina kikomo, na wakati mwingine tiketi za punguzo za kawaida kwa familia nzima hutoka rahisi zaidi, kwa hiyo piga hesabu zote mbili kabla ya kulipa.

Aliyezoea SGR, ambako unakaguliwa tiketi na kitambulisho kabla ya kuliona behewa, atashangaa kwamba Regionale hupandwa bila mtu kukuuliza kitu. Hapo ndipo faini zinapowapata wageni. Tiketi ya karatasi lazima uigonge kwenye kimashine kilichopo stesheni kabla ya kupanda; ya kwenye simu lazima uithibitishe kwenye programu kabla ya kupanda. Kuwa nayo tu hakutoshi, na mkaguzi hajali kwamba una mtoto anayelia.

Jambo moja la njia ya Firenze: karibu yote ni handaki. Kati ya kilomita 78 hivi, zaidi ya 70 ziko ndani ya mlima. Masikio ya watoto huziba kama kwenye ndege, kwa hiyo mnyonyeshe au mpe chupa treni inapoanza kushika kasi, na mkubwa mpe kitu cha kutafuna. Kiti cha dirishani usikigombanie.

Mjini Bologna kitu kitakachokuokoa ni mabaraza. Njia za waenda kwa miguu zimefunikwa kwa matao, kilomita 62 ukizijumlisha zote, na UNESCO iliyaingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2021. Maana yake kwa mzazi ni kivuli na kinga ya mvua, na sakafu laini ambayo magurudumu madogo hayakwami, tofauti na vijiwe vya mraba vya Roma. Angalizo: baadhi ya mabaraza yameinuka juu ya barabara na huishia kwa ngazi bila mteremko, hivyo utakinyanyua kigari mara kadhaa. Jumamosi na Jumapili barabara tatu kuu za katikati, yaani Rizzoli, Ugo Bassi na Indipendenza, hufungwa kwa magari, na watoto hukimbia katikati ya barabara bila wasiwasi. Wakichoka na majengo, wapeleke Giardini Margherita, bustani kubwa yenye nyasi na bwawa. Mvua ikinyesha, maktaba ya Salaborsa iko pale pale uwanja wa Piazza Maggiore, kuingia ni bure, na ina sehemu ya watoto. Mnara wa Asinelli umefungwa tangu 2023, usiwaahidi kuupanda.

Unapotafuta nyumba, swali la kwanza ni lifti, si jiko. Majengo ya katikati ni ya zamani, na ghorofa ya tatu bila lifti ukiwa na kigari, mabegi na mtoto aliyelala ni adhabu. Neno la kulitafuta kwenye tangazo ni "ascensore". La pili ni kiyoyozi, "aria condizionata", kuanzia katikati ya Juni. Bologna iko kwenye uwanda usio na upepo wa bahari. Joto lake ni zito, la unyevu, na mbu wapo. La tatu ni kitanda cha mtoto, "lettino", ambacho wengi wanacho lakini hawakileti bila kuombwa. Juu ya bei ya chumba kuna kodi ya wageni inayolipwa kwa kila mtu kwa kila usiku, mara nyingi taslimu wakati wa kufika. Watoto wadogo husamehewa.

Chakula sasa. Tatizo la kwanza ni saa. Migahawa mingi hupika kuanzia saa sita na nusu hadi saa nane na nusu mchana, inafunga jiko, kisha inafungua tena saa moja na nusu usiku. Mtoto anayekula saa kumi na mbili jioni atakuta milango imefungwa. Fanya mlo wa mchana uwe ndio mkubwa, na jioni nunua pizza ya kukatwa vipande, au pika nyumbani. Kiti kirefu cha mtoto kinaitwa "seggiolone". Kiombe wakati wa kuweka nafasi kwa sababu mgahawa huwa na kimoja au viwili. Sahani isiyoandikwa kwenye menyu lakini inayopikwa karibu kila mahali ni "pasta in bianco", tambi zenye mafuta au siagi na jibini tu. Watoto wanaosusa mchuzi hula hiyo. Kwenye bili utaona "coperto", ada ya meza ya euro moja hadi tatu kwa kichwa. Si wizi, imeandikwa kwenye menyu.

Tatizo la pili ni nguruwe, na Bologna ni mji wake hasa. Mortadella, soseji nene ya huko, ni nguruwe, hilo linajulikana. Lisilojulikana ni kwamba tortellini, tambi ndogo za kujazwa, huwekwa nyama hiyo hiyo, kwamba mchuzi wa "ragù" unaodhaniwa ni wa ng'ombe mara nyingi huchanganywa na mafuta ya nguruwe yenye nyama, na kwamba piadina, ule mkate bapa unaofanana na chapati unaouzwa pwani yote ya Rimini, kwa asili hukandwa kwa mafuta ya nguruwe, "strutto". Piadina ya mafuta ya zeituni ipo, sema "all'olio". Badala ya tortellini agiza tortelloni za ricotta, jibini laini, ambazo ni kubwa na hazina nyama. Kwa nyama ya halali, mtaa wa Bolognina nyuma ya stesheni una wahamiaji wengi na maduka yake. Kwa anayekula kila kitu, aya hii ni bure kabisa kwake, na Bologna itakuwa miongoni mwa miji atakamokula kwa furaha zaidi Italia.

Pampasi na chakula cha watoto cha kwenye vichupa, "omogeneizzati", vipo kila supamaketi, Coop na Conad zikiwemo. Maziwa ya kopo huuzwa hapo na kwenye famasi, yenye msalaba wa kijani, ila huenda usipate aina uliyoizoea. Kwa mtoto mchanga beba ya kutosha safari nzima. Dawa ya homa utakayopewa ni Tachipirina, ambayo ni paracetamol. Kipimo hufuata kilo za mtoto, basi jua uzito wake kabla hujaondoka. Hospitali ya Sant'Orsola, Bologna, ina huduma ya dharura ya watoto. Namba ya dharura ni 112.

Safari za siku moja nazipima hivi. Firenze: ndiyo, ila chagua jambo moja. Walio chini ya miaka 18 huingia bure makumbusho ya serikali kama Uffizi, lakini Jumatatu imefungwa. Kuba la kanisa kuu lina ngazi 463 na halina lifti, liache. Venezia: acha kigari Bologna. Madaraja yake yanazidi 400 na mengi ni ngazi, kwa hiyo mbeleko au khanga inashinda kigari cha bei yoyote. Shuka stesheni ya Santa Lucia, si Mestre, ambayo inatangulia na iko nchi kavu. Boti ya umma ni euro 9.50 kwa dakika 75, na watoto chini ya miaka 6 hawalipi. Kwa siku fulani za majira ya kuchipua na kiangazi, mgeni wa kutwa hulipa ada ya kuingia mjini. Walio chini ya 14 wamesamehewa, angalia kalenda kabla ya kununua tiketi ya treni.

Rimini ndiyo sehemu watoto watakayoikumbuka. Bahari ni ya kina kifupi kwa mita nyingi, mchanga ni laini, na kwa waliokulia Mombasa au Unguja kuna tofauti ya kupendeza: maji kupwa na kujaa hayasogei sana, kwa hiyo saa ya kuogelea haipangwi na bamvua. Ufuko umegawanywa katika "bagni" zenye namba, ambako unakodi mwavuli na vitanda kwa siku au kwa wiki. Safu ya mbele ni ghali zaidi, na kwa watoto wadogo inafaa kuilipia ili uwaone majini ukiwa umekaa. Ufuko wa bure, "spiaggia libera", upo pia, ila mwavuli unakuja nao mwenyewe. Kusini mwa bandari mchanga ni mpana na saa sita unaunguza nyayo, viatu vya majini ni lazima. Kaskazini, upande wa Viserba na Torre Pedrera, kuna mawe ya kuzuia mawimbi. Maji yametulia na yana uvuguvugu, ingawa siku nyingine huwa na mwani.

Kosa la kawaida la kuchagua hoteli Rimini ni kutoiangalia reli. Inapita sambamba na bahari. Hoteli iliyo upande wa mlima, "lato monte", inakulazimisha kupita chini ya reli na mizigo yote ya ufukweni mara nne kwa siku. Lipia kidogo zaidi ukae "lato mare". Chukua "mezza pensione", yaani kifungua kinywa na chakula cha usiku, na uulize kama watoto wanaweza kulishwa mapema. Hoteli nyingi hazimtozi mdogo anayelala chumba cha wazazi, ila umri wa kikomo kila moja ina wake. Mwisho wa Mei, Juni na mwanzo wa Septemba ni bora; katikati ya Agosti Waitaliano wenyewe wako likizo, bei iko juu na mwavuli umegusana na mwavuli.

Migomo ya treni hutangazwa mapema, na huangukia Ijumaa mara nyingi. Siku za kazi, treni za mkoa zina saa zilizohakikishwa hata wakati wa mgomo: saa 12 hadi 3 asubuhi, na saa 12 hadi 3 usiku. Siku ya kuhamia Rimini isiwe Ijumaa kama una hiari.

Kwa wanaotoka Tanzania, Kenya au Uganda, na hata wanaoishi Uingereza kwa pasi za huku, viza ya Schengen inahitajika, na kila mtoto ana ombi lake. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, 45 kwa wa miaka 6 hadi 11, na chini ya 6 ni bure. Chini ya miaka 12 hawachukuliwi alama za vidole. Bima ya safari iwe na kinga ya angalau euro 30,000 kwa kila mmoja. Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Ukingoja wiki za mwisho ukakosa miadi, tiketi za treni za punguzo zimeungua. Mtoto akisafiri na mzazi mmoja, ambatisha cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya mzazi mwingine iliyogongwa muhuri na wakili, na beba nakala kwenye begi la mkononi, kwa sababu mpakani wanaweza kuiuliza tena.