WooCommerce, QuickBooks na risiti za TRA: uzoefu wangu kutoka Mtwara

Nauza mtandaoni korosho za kukaanga na vinyago vya Kimakonde. Mzigo unatoka Mtwara mjini, na sehemu kubwa inakwenda Dar es Salaam na Dodoma kama vifurushi vya basi. Duka linaendeshwa na WooCommerce (programu ya duka la mtandaoni), vitabu vya hesabu viko QuickBooks Online, na katikati kuna kiunganishi, yaani programu inayohamisha taarifa kati yao, cha kulipia kila mwezi pamoja na huduma ya VFD, yaani risiti za TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) zinazotolewa na programu badala ya mashine ya risiti ya EFD. Mpangilio huu unafaa, lakini usinunue kwa sababu ya kukokotoa kodi; kikokotoo cha simu kinatosha kwa hilo. Faida yake ni kwamba kila jioni unaweza kulinganisha namba tatu: mauzo ya dukani, mauzo ya vitabuni, na jumla ya ripoti ya Z (muhtasari wa risiti za siku) iliyofika TRA. Zikitofautiana, unajua siku hiyohiyo, hungoji tarehe 20 ya mwezi unaofuata ritani ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) inapodaiwa.

Ankara ya QuickBooks siyo risiti ya kodi, hata uipambe kwa TIN (namba ya mlipakodi) na nembo. Risiti halali ni ile yenye msimbo wa uhakiki ambao mteja anaweza kuukagua kwenye tovuti ya TRA. Kwa hiyo muulize muuza kiunganishi swali moja kabla ya kulipa: baada ya VFD kutoa risiti, ule msimbo unarudi na kuandikwa kwenye oda na kwenye muamala wa vitabuni? Kama haurudi, utakuwa na mifumo mitatu isiyojuana, na kazi ya kuisuluhisha ni yako.

Tuje kwenye kodi zenyewe. Kizingiti cha kusajiliwa VAT ni mauzo ya shilingi milioni 200 kwa miezi 12 tangu Julai 2023. Kama hujasajiliwa, zima kabisa sehemu ya kodi dukani. Huna ruhusa ya kumtoza mteja VAT. Ukisajiliwa, kila bidhaa ipewe kundi lake. Kwenye VFD herufi A ni asilimia 18, C ni kiwango cha sifuri, E ni zilizosamehewa. Korosho ghafi ni zao lisilosindikwa, zinaangukia E. Zilizokaangwa na kufungashwa ni A, na kinyago ni A. Kiunganishi nilichonacho huja kikiwa kimeweka kila kitu A, hivyo anayechanganya bidhaa ghafi na za kusindika apange mwenyewe, bidhaa moja moja. Bajeti ya 2025/26 nayo ilileta asilimia 16 kwa mnunuzi asiyesajiliwa VAT anayelipa kwa njia ya kielektroniki, kwa hiyo kiwango sasa kinategemea pia nani ananunua na analipaje. Weka nafasi za TIN na VRN (namba ya usajili wa VAT) kwenye ukurasa wa malipo, na uilazimishe TIN iwe tarakimu 9 bila vistari, maana watu huandika wanavyojua na VFD hukataa.

Sasa pale ambapo wengi huharibikiwa: makato ya kampuni ya malipo. Chukua oda ya mwenye duka wa Masasi aliyesajiliwa VAT: pakiti ya korosho 23,600 na usafirishaji 5,900, jumla 29,500. Ndani yake VAT ni 4,500. Kampuni ya malipo ikikata, tuseme, asilimia 2, benki inaingia 28,910. Kiunganishi kilichopangwa kusoma taarifa ya benki kitaandika mauzo ya 28,910 na VAT ya 4,410. Shilingi 90 zimepotea kwenye oda moja. Oda 500 ni 45,000, na ripoti ya Z inasema kitu kingine kabisa. Dawa ni kufungua akaunti ya kupitishia vitabuni. Mauzo yote 29,500 yanaingia humo. Fedha zikifika benki, 28,910 zinahamia benki na 590 zinakwenda kwenye gharama za malipo. Akaunti hiyo ikibaki na salio ambalo huwezi kulitaja oda yake, kuna tatizo. Mimi naitazama hiyo kabla ya kutazama faida.

Usafirishaji nao ni mauzo yako kama unautoza wewe. Viunganishi kadhaa huuacha nje ya kodi vikidhani ni pesa ya mtu wa basi.

Hali ya oda inayochochea risiti inahitaji umakini. Kwa waliolipa kwa simu au kadi, risiti itoke oda inapoingia hatua ya kushughulikiwa. Lakini WooCommerce huipeleka oda ya kulipia mzigo ukifika kwenye hatua hiyohiyo, kabla hujaona hata senti. Usipotenganisha, utatoa risiti kwa oda ambayo mteja ataikataa stendi ya Nachingwea, na risiti ikishapokelewa TRA haifutwi kwa kubofya. Itakubidi uandae hati ya marekebisho na kuirekebisha kwenye ritani. Nimepanga oda hizo zitoe risiti mteja anapopokea mzigo na kulipa.

Saa za duka ni jambo dogo lenye madhara makubwa. Tovuti mpya mara nyingi huwa kwenye saa za UTC, nyuma yetu kwa saa 3. Oda ya saa saba usiku tarehe 1 itasomeka ya tarehe ya mwisho wa mwezi uliopita, ilhali VFD imeiandika mwezi mpya. Chagua Dar es Salaam kwenye mipangilio ya tovuti kabla ya kuunganisha chochote. Hapohapo weka desimali mbili. Ukiweka sifuri kwa kuwa hatutumii senti, duka hukadiria kodi hadi shilingi nzima kwa kila mstari, na oda ya bidhaa tano inaweza kupishana na vitabu kwa shilingi moja au mbili. Aliye mvivu kama mimi hupanga bei zinazogawanyika kwa 118.

Ukatikaji: duka hutuma taarifa za oda kwa webuhuku (webhook, ujumbe unaojituma wenyewe kwenda mfumo mwingine), na likishindwa mara 5 mfululizo WooCommerce huizima webuhuku hiyo, na haitajiwasha. Duka likiwa kwenye seva ya nje na VFD iko nchini, hitilafu kama ile ya nyaya za baharini ya Mei 2024 inatosha kuizima. Baada ya intaneti kurudi, ingia mipangilioni, iwashe, kisha sukuma oda zilizokwama kwa tarehe. Kazi za nyuma ya pazia nazo hutegemea watu kutembelea tovuti. Duka lenye wageni wachache huchelewesha risiti. Omba mwenye seva aweke kroni halisi (cron, ratiba ya seva inayoendesha kazi yenyewe) ya kila dakika 5.

QuickBooks yenyewe nimeipenda kwa hesabu ya stoku: hutoa kwanza mzigo ulioingia kwanza, jambo linalosaidia mahali ambapo bei ya korosho hubadilika mnada kwa mnada. Toleo lenye stoku ni la bei ya juu, na hakuna Kiswahili. Ukiwasha sarafu nyingi kwa ajili ya wateja wa nje, huwezi kuzima tena wala kubadili sarafu kuu, basi hakikisha shilingi ndiyo sarafu kuu kabla ya kuwasha.

Kwa anayeuza oda chache kwa wiki, jedwali la kawaida na mashine ya EFD vinatosha, na ada ya kiunganishi ni hasara. Na kwa atakayeunganisha: kumbukumbu za kodi hutunzwa miaka 5, kwa hiyo kila mwisho wa mwezi pakua miamala, ripoti za Z na taarifa za kampuni ya malipo, uziweke kwenye diski yako mwenyewe, kwa kuwa usajili wa programu ukikoma, usitegemee kuzikuta.