Rili ya kuvulia kwa jigi bahari kuu: chaguo nne, kuanzia la kwanza

Kati ya Unguja na bara maji ni mafupi. Humo rili yoyote (kifaa cha kukunjia mshipi) ya wastani itakufaa, na pesa inayobaki kanunulie petroli. Mkondo wa Pemba ni habari nyingine. Katikati yake kina kinapita mita 800, na samaki wa jigi (chambo kizito cha chuma kinachozamishwa na kutikiswa) wanakaa kwenye kingo za mteremko, mita 60 hadi 150 hivi: chewa, kolekole, jodari, mara nyingine songoro. Mwongozo huu ni wa anayekwenda huko, atokee Shimoni, Nungwi au Pemba yenyewe, na anataka rili ya spini, ile inayoning'inia chini ya fimbo. Anayelenga zaidi ya mita 150 kila safari atafute rili ya ngoma inayokaa juu ya fimbo, kwa maana spini inavuta mshipi kwa kuupinda kona na huko chini nguvu nyingi hupotea bure.

Wauzaji huanza na breki, yaani nguvu ya rili kumzuia samaki asivute mshipi ovyo: kilo 15, kilo 20, kilo 27. Usibabaike. Ukiwa na mshipi wa breidi (wa nyuzi zilizosukwa) unaobeba kilo 30, breki huwekwa robo mpaka theluthi ya hapo, yaani kilo 8 hadi 10. Simama kwenye boti inayoyumba, chewa anakuvuta kwa kilo 10 kurudi mwambani, uone kama utatamani ya 27. Faida ya breki kubwa ni kwamba ikifanyishwa kazi ndogo haichemki na haiachii mshipi kwa mishtuko. Basi.

Idadi ya beringi ndiyo danganya toto kubwa. Daiwa BG, ya tatu kwenye orodha hapa chini, ina 6+1 tu, yaani saba. Mtandaoni kuna rili za plastiki zinazojisifu beringi 13 kwa bei ya sahani ya pilau. Kinachobeba mzigo ni bodi: ikiwa laini, inajipinda ukivuta, gia zinaachana kidogo, na meno yanaanza kulika. Taka bodi ya metali, gia nene, na mpira wa kuzuia maji kwenye ekseli na kwenye breki.

Halafu kuna kasi ya gia, na hapa ndipo watu wengi wanapotupa pesa. Wanaona 6.2:1, yaani ukizungusha mkono mara moja mshipi unazungushwa kwenye spuli (kigurudumu cha mshipi) mara 6.2, wanadhani kubwa ni bora. Gia ya kasi inarudisha mita 1.3 au karibu yake kwa kila mzunguko, nzuri sana kwa kurusha chambo cha juu na kukifukuza. Lakini jigi la gramu 300 likiwa pima 60 chini, pamoja na samaki, kila mzunguko wa gia hiyo utausikia begani. Chukua iliyo kati ya 4.9:1 na 5.6:1. Kwa Shimano soma herufi za mwisho: PG ni ya nguvu, HG ya kati, XG ya kasi.

Msimu nao una neno. Mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima, ila kusi huusukuma na kaskazi huupunguza. Wakati wa kaskazi gramu 200 zinaweza kufika chini zikiwa wima. Kusi ikikaza unaongeza hadi 300 au 400, na mzigo wote huo unaipitia rili. Kwa hiyo pima mahitaji yako kwa kusi.

1. Penn Slammer IV (ukubwa wa 6500 au 8500). Ndiyo chaguo langu, ingawa ni nzito na haina mvuto mkononi. Ilitoka 2021, bodi nzima ya metali, na imezibwa kwa kiwango cha IPX6, maana yake hata wimbi likiipiga maji hayapenyi kirahisi. Spuli ina ukanda wa mpira, kwa hiyo breidi unaifunga moja kwa moja bila kuteleza. Kikubwa zaidi: inafunguka. Penn wanatoa michoro ya vipande vyote, na fundi mwenye bisibisi na grisi ya baharini anaweza kuihudumia Mombasa au Dar bila kuituma ng'ambo. Bei Marekani ni dola 300 hivi, kabla ya usafiri na ushuru.

2. Shimano Saragosa SW. Bei haiko mbali na ya Penn, nyepesi zaidi, inazunguka laini. Ukitikisa jigi kutwa nzima, wepesi huo una thamani kuliko unavyodhani asubuhi. Naiweka ya pili kwa sababu ya spea tu. Ukiwa na ndugu Dubai au Muscat wa kukuletea, igeuze ya kwanza.

3. Daiwa BG (6500 au 8000). Chini ya dola 200, bodi ya alumini, gia za kuaminika. Kasoro ni kuziba: chumvi inaingia, hivyo lazima uifungue na kuipaka grisi mara kwa mara. Mvivu wa kuosha vyombo vyake asiiguse. Anayeanza, au anayetoka mara chache kwa mwaka, haina haja atumie zaidi ya hapa.

4. Shimano Stella SW na Daiwa Saltiga. Kwa ubora ndizo za kwanza, hakuna ubishi. Ila Stella inapita dola 1,000, na Saltiga imezibwa kwa mafuta ya sumaku ambayo fundi wa mtaani akiyachokonoa ameshaiharibu. Nunua kama unaongoza wageni wanaolipa.

Usisahau mshipi kwenye hesabu: mita 300 za breidi ya PE 4 au 5 (kipimo cha Kijapani cha unene wa mshipi), yenye rangi inayobadilika kila mita 10 ili ujue jigi liko wapi. Mshipi huo nao una bei yake.

Ukipewa iliyotumika, kaza breki, vuta mshipi kwa mkono polepole na usikilize: itoke sawasawa, isirukeruke. Shika mkono wa kuzungushia uusukume mbele na nyuma. Mkono huo ukiwa unacheza sana, gia zimeshachoka. Mwisho fungua spuli uangalie ekseli. Ukikuta unga mweupe wa chumvi au kutu, punguza bei nusu au mwachie mwenyewe.