Savage 99 ya .250-3000: nilivyoipima bei kabla ya kutoa hela

Savage 99, bunduki ya Kimarekani ya kuwindia, yenyewe si ya kutafutwa kwa tochi. Zilitoka zaidi ya milioni moja, kuanzia 1899 hadi miaka ya 1990, na hapa Pennsylvania, Marekani, ninakoishi ni nadra kuingia duka la bunduki zilizotumika ukakosa kuiona moja ukutani. Sheria ya jimbo hairuhusu kuwinda kulungu kwa raifo ya kujikoki yenyewe, kwa hiyo hizi za kukoki kwa mkono wa chini zimependwa na wazee wa hapa tangu zamani. Niliyoitaka mimi ndiyo si ya kila siku: modeli ya 99-G, ya kabla ya Vita Kuu ya Pili, yenye mtutu unaofunguka, yaani unaotolewa kabisa kwenye bunduki, inayopiga risasi ya .250-3000.

Shida ya bei inaanzia hapo. Kitu kisipoonekana mara kwa mara, muuzaji anataja bei anayoiota na mnunuzi hana cha kulinganisha. Isitoshe mimi ni Mkenya. Kwetu uwindaji ulipigwa marufuku 1977, na wengi wetu bunduki tumeijua begani mwa askari tu. Basi haya nayaandika kwa yule anayeanzia pale nilipoanzia.

Duka moja lilikuwa nazo mbili. Ya kwanza dola 1,250: chuma cheusi tii, mbao inameremeta kwa vanishi. Ya pili dola 950: chuma kimepauka na kuwa kahawia kwenye kingo, na mwisho wa kitako pamebandikwa mpira mwekundu wa kupunguza teke, yaani bunduki inavyorudi begani ukifyatua. Mume wa dada yangu tuliyekuwa naye hakusita. "Shemeji, ongeza hizo mia tatu uchukue kitu cha maana."

Niliomba kurunzi na kioo cha kukuzia. Kwenye ile inayong'aa nilianza na maandishi ya mtutu, pale penye Utica, New York, mji ilikotengenezwa. Herufi zilikuwa na kingo butu, kama peremende iliyolambwa. Matundu ya skrubu yalikuwa yamebonyea pembezoni. Na mkono wa kukokia, ambao kiwanda kiliutoa na mabakabaka ya rangi yanayotokana na kukomazwa kwa moto, ulikuwa mweusi sawasawa na sehemu nyingine zote. Hiyo ilipigwa msasa ikapakwa upya. Mzee wa dukani, kwa hisani yake, akaifungua mbao ya mbele. Namba iliyogongwa ndani haikuwa sawa na ya bunduki. Yaani hata mbao ni ya bunduki nyingine. Kwa pesa ile, hapana.

Ile iliyochoka ilinichukua muda zaidi. Herufi zake ukipitisha ukucha zinakwaruza. Kahawia iko pale pale mkono unapoibebea, chini katikati, na hicho ni chakavu cha matumizi, hakuna fundi aliyekipaka. Vichwa vya skrubu havijachubuliwa na bisibisi. Namba ya mbao ya mbele inalingana. Nyuma ya chuma, mahali mbao za 99 hupenda kupasuka kwa sababu teke linasukuma chuma ndani ya mti, palikuwa pazima. Nilipashikashika hadi mzee akacheka.

Kasoro zilikuwa mbili, na zote ni za kudumu. Kwanza ule mpira: kuuweka, mtu alikata kitako, bamba la chuma lenye namba likapotea. Pili, juu ya chuma kuna matundu manne ya kufungia darubini, ambayo kiwanda hakikuyatoboa. Mkusanyaji wa bunduki za kale akiona matundu hayo anarudisha mikono mfukoni. Lakini mimi nilitaka kuwindia, na ningenunua iliyo safi ningelipa ziada kwa ajili ya usafi, kisha ningemlipa fundi aje auharibu. Hiyo hesabu watu hawaipigi.

Ndani ya mtutu ndiko nilikoogopa zaidi. Fataki za risasi za zamani, yaani kile kidude cha nyuma kinachowasha baruti, zilikuwa na chumvi iliyoleta kutu, na mitutu mingi ya enzi hizo imechimbika. Tena 99 ya kawaida husafishwa kwa kupitisha ufito mdomoni, kwani nyuma pamezibwa na chuma, na miaka mingi ya hivyo inaula mdomo wa mtutu. Ya kufunguka unaitoa mtutu ukaisafisha kwa nyuma. Michirizi ya ndani, ile inayoizungusha risasi, ilikuwa mikali mwanzo hadi mwisho, na vidoa vichache tu. Tukaifunga tena, nikashika mtutu mkono mmoja na kitako mwingine, nikasokota. Haikucheza. Ingecheza ningeiacha.

Kwa bei sikuangalia matangazo. Nilitafuta zile zilizokwisha kuuzwa mnadani, risasi hiyohiyo, zisizotobolewa, halafu nikapunguza kama theluthi kwa ajili ya matundu na kitako. Mzee alinung'unika kidogo, tukakubaliana dola 775. Fomu ya serikali, kadi ya ukaazi, rekodi zangu zikapigiwa simu polisi wa jimbo, nikaondoka nayo siku ileile.

Huko msituni imenifurahisha. Teke lake ni dogo. Magazini yake inazunguka badala ya kuwa bomba, kwa hiyo inakula risasi za ncha kali bila hofu ya ncha kugonga fataki ya iliyo mbele, na kidirisha upande wa kushoto kinakuonyesha namba ya zilizobaki. Hiyo 3000 ya jina ni futi kwa sekunde, mwendo uliotumika kuitangaza 1915 kwa kitonge, yaani kile kichwa kinachoruka, cha greni 87 (greni ni kipimo cha uzito). Michirizi ya mtutu inazunguka mara moja kila inchi 14, taratibu mno, kwa hiyo nimekomea greni 100; vizito kuliko hivyo vinayumba. Kinachonikera ni kitako: kilichongwa kwa macho ya kulenga bila darubini, kwa hiyo ukifunga darubini shavu linaelea hewani. Nimevisha pedi ya ngozi ya kufunga kwa kamba. Si nzuri kutazama.

Risasi ndizo zitakazokugharimu, na muuzaji hatakwambia. Maduka mengi hayana kabisa. Kisanduku cha mwisho cha risasi 20 nilikipata kwa dola 55, kwa hiyo nikivikuta nabeba viwili. Anayejaza maganda matupu upya mwenyewe ana nafuu, maana .22-250, risasi nyingine, ilizaliwa kutokana na risasi hii: maganda yake yamejaa kila mahali na shingo inapanuliwa tu. Mimi sijanunua mashine ya kujazia. Maganda yangu yote nayaokota na kuyaweka.